Kanga Iliyofichwa Ndani ya Mto wa Kulalia wa Evodia

Kabati halikuvunjwa. Kufuli lipo, sukari ipo, mitumba ya wafadhili ipo. Kilichoibwa ni kanga moja kuukuu, na Inspekta Flavian alichoka hata kabla hajavua kofia.

Aliijua. Mwaka 1989 aliokota kichanga kwenye stendi ya malori ya Tunduma, kimeviringishwa kanga hiyo, akakileta mwenyewe kwenye makao haya ya Sumbawanga, ambako kila nyumba ina mama mmoja na watoto wanane. Sasa Evodia ana miaka sita, na kesho angekuja mwanamke aitwaye Kulsumu kumdai kuwa ni mwanawe. Doti ya Kulsumu iliungua kwa pasi kabla haijakatwa vipande viwili: nusu ya alama anayo yeye, nusu ilikuwa kabatini. Bila hiyo ya kabatini, dai lake ni maneno matupu.

"Funguo anashika nani?" alimuuliza Scola, msimamizi.

"Mimi. Lakini jana mama wote wanne waliingia kuchukua sabuni."

Haya basi. Kituoni hapakuwa hata na unga wa kunasia alama za vidole. Akapita nyumba kwa nyumba, baridi ya Julai ikimuuma magoti. Bomba ni moja, hivyo kila nyumba ina siku yake ya kufua. Kwa Mama Hellena, aliyemlea Evodia tangu uchanga, alishika mto wa kulalia wa mtoto. Ulikuwa na unyevu.

"Amekojoa," Hellena alisema.

"Mkojo haunuki sabuni, mama. Na wewe unafua Ijumaa. Leo Jumatano."

Hellena akakaa kitandani. Inspekta alifumua mshono, akaivuta kanga.

"Kwa nini hukuichoma?"

"Siku moja ataniuliza alikuja na nini."

"Ukaifua?"

"Ilijaa vumbi. Nimlaze mwanangu juu ya vumbi?"

Alikiri yote: aliificha ili Kulsumu akose ushahidi, arudi alikotoka.

"Uliniambia nimlee kama wangu, afande. Nimemlea. Hukuniambia kuna siku ya kumrudisha."

Ni kweli, hakumwambia. Pingu aliziacha mfukoni, akaandika kwamba kielelezo kimepatikana ndani ya makao.

Kesho yake vipande viliwekwa mezani. Alama ya pasi ikakutana barabara. Kulsumu alilia hata akakosa sauti. Ikabidi Inspekta aseme yeye.

"Evodia, mwamkie mama yako."

Mtoto alimtazama mgeni, kisha akamgeukia Hellena mlangoni.

"Shikamoo, mama."