Mkono Niliouona Pembeni ya Mama kwenye Monita Mpya

Mama alikuwa anasoma.

Hakuwa anazungumza na mimi... alikuwa anasoma majibu! Na pembeni ya uso wake kulikuwa na mkono wa mtu umeshika karatasi.

Ngoja niwaelezee vizuri.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za mialiko na mabango, na naifanyia nyumbani. Miaka yote nimetumia kompyuta ndogo ya kukunja, skrini yake haizidi sahani ya wali. Nilikuwa naiinamia mpaka mume wangu akawa ananitania kwamba iko siku nitaingia ndani. Shingo ilikaza, macho yakawa yanatoa machozi yenyewe. Kilichonimaliza ni kadi mia tatu za mteja zilizochapwa tarehe tatu badala ya nane. Nane niliiona tatu, jamani.

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu akaniambia nitafute monita kubwa niichomeke kwenye hiyo hiyo kompyuta ndogo. Nikachukua ya inchi thelathini na mbili. Ikaja, ikajaa meza nzima, ikabidi tutafute meza pana zaidi, maana fundi alisisitiza nikae umbali wa mkono mmoja.

Siku ya kwanza maandishi yalikuwa na ukungu, nikaanza kulisema duka vibaya. Fundi akaja, akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha kitu kimoja tu, herufi zikakaa sawa. Nilicheka peke yangu. Nilidhani nimemaliza shida zangu.

Sasa sikilizeni.

Jumapili saa nne asubuhi ni saa ya mama. Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi na kaka yangu na mkewe katika mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi. Kila Jumapili, mwaka wa pili huu, nampigia kwa video. Namuuliza kama amekula. Namuuliza kama amekunywa dawa. Namuuliza goti linaendeleaje. Ananijibu, ananiambia nisichoke sana na kazi, tunaagana. Dakika kumi, naendelea na mambo yangu nikijiona mtoto mwema kabisa.

Mara ya mwisho kwenda kumwona kwa miguu yangu... msiniulize.

Jumapili ile nikaiweka video kwenye monita mpya. Uso wa mama ukajaa pale mbele, mkubwa kuliko wake mwenyewe. Nilifurahi kuona mpaka nywele nyeupe za kwenye nyusi.

Halafu nikayaona macho yake.

Hayakuwa kwangu. Yalikuwa yanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, yanarudi, yanashuka kidogo, yanaanza tena. Na pembeni ya kichwa chake, mbele kidogo karibu na kamera, kulikuwa na kitu cheupe ambacho siku zote, kwenye kile kiskrini changu, nilidhani ni pazia.

Pazia gani lina kidole gumba?

Kidole chenyewe nilikijua. Kina kovu la kuungua na mafuta, alilipata mwaka ule ule alioolewa kwetu. Kilikuwa cha wifi yangu, mke wa kaka.

Nikajikaza, nikaamua kumjaribu. Badala ya kuuliza habari za goti, nikauliza kitu ambacho sijawahi kuuliza.

"Mama, leo ulipoamka ulifanya nini?"

Macho yakaenda kwenye karatasi, yakatafuta, yakatafuta tena. Karatasi ikatikisika.

"Goti linaendelea vizuri, mwanangu," mama akasema.

Kabla sijafungua mdomo, video ikakatika.

Nikapiga tena, haikupokelewa. Baadaye wifi akatuma ujumbe kwamba mtandao ni mbaya na mama amepumzika. Hapo ndipo akili ikaanza kunirudia. Siku yoyote niliyopiga ambayo si Jumapili, mama alikuwa amepumzika. Au yuko bafuni. Au ametoka kidogo na kaka. Kwa muda wote huo mama hajawahi kupokea simu yangu kwa mkono wake!

Nikamwambia mume wangu kwamba mama amefungiwa ndani ya nyumba ya mwanawe wa kumzaa. Akaniambia nipunguze jazba, nianze kwa kumuuliza kaka. Nikamjibu kwamba mtu anayemwandikia mama cha kusema ana kitu anakificha, na hati ya kiwanja cha mama iko humo humo ndani ya nyumba yao. Nilishaona kila kitu kichwani. Mama anasainishwa makaratasi asiyoyajua. Mama ananyimwa chakula, halafu anashikiwa karatasi aseme ameshiba. Siku ile nilimchukia wifi kwa moyo wangu wote, na sioni haya kuwaambia.

Jumatatu asubuhi nikapanda basi. Huku nyuma nilimuaga mume wangu, kule mbele sikumwambia mtu.

Nilipofika, geti lilikuwa na kufuli kwa ndani, mchana kweupe. Nikaligonga kwa jiwe mpaka wifi akaja. Akafungua nusu, akaniona, uso ukambadilika. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ningempigia kwanza.

Nikampita kwa bega.

Ndani, kila mahali palikuwa na karatasi zimebandikwa. Mlango mmoja umeandikwa CHOO. Mwingine CHUMBA CHAKO. Juu ya jiko, kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Kwenye mlango wa kutokea: RUDI UKAKAE. Ile haikuwa nyumba ya mtu na mkwewe, ilikuwa gereza lenye sheria ukutani.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Wifi akaenda kabatini, akatoa faili, akaniwekea mikononi. Akaniambia nianzie chini kabisa.

Ndani kulikuwa na karatasi moja kwa kila Jumapili. Nikaichomoa ya kwanza kuandikwa.

Ulikuwa mwandiko wa mama. Ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima, na tarehe juu kabisa kama mwalimu anayeandaa somo la kesho.

"Atauliza kama nimekula. Nimekula vizuri. Atauliza dawa. Nimekunywa. Atauliza goti. Linaendelea vizuri. Nisimwulize alipo baba yake. Baba yake alishafariki."

Nikafunua nyingine, na nyingine. Mwandiko ukawa unalegea, unashuka nje ya mistari, maneno yanakatikia njiani. Ilipofika mwezi wa nane, mwandiko wa mama ukakoma. Kuanzia hapo ukawa mwandiko wa wifi.

Wifi akakaa chini, akanieleza. Mama alipoanza kusahau, daktari alisema hali ile hairudi nyuma. Mama akawaita yeye na kaka wakati akili bado inamkaa, akawaapisha wasiniambie. Alisema mimi nina watoto na kazi, nikijua nitavuruga maisha yangu. Alisema hata haitakuwa shida, maana maswali yangu anayajua, ni yale yale matatu, na yeye amefundisha miaka thelathini, hawezi kushindwa kuandaa maswali matatu.

Maswali yangu matatu. Dakika zangu kumi. Jamani, nililia mpaka nikakaa sakafuni.

"Kufuli ni kwa sababu ametoka mara mbili akapotea," wifi akasema. "Na mimi kila Jumapili nilikuwa naomba Mungu uulize kitu kingine. Niliapa nisiseme, sikuapa kwamba hutagundua."

Huyo ndiye niliyetaka kumpeleka polisi.

Mama akatoka chumbani. Msafi, amechanwa vizuri, amevaa sweta ambalo silijui. Akanitazama kwa adabu, vile alivyokuwa akiwatazama wazazi waliokuja kuulizia watoto wao shuleni. Kisha akainama kwa wifi, akamuuliza kama leo ni Jumapili.

Wifi akanitazama, akasita, akampa karatasi ya jana. Mstari wa kwanza niliuona: HUYU NI BINTI YAKO.

Mama akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akavaa miwani. Akatabasamu.

"Nimekula vizuri, mwanangu," akasoma. "Dawa nimekunywa. Goti linaendelea vizuri. Na wewe usichoke sana na kazi."

Nilikuwa bado sijamuuliza kitu.

Wewe unayesoma hapa, leo au kesho utampigia mzazi wako. Swali lako la kwanza unalijua tayari, na jibu lake unalijua. Usiulize hilo. Muulize jingine, na akinyamaza, panda gari uende.