Wiki Moja Yamumbi

Mwaka wa sitini na tisa, Limuru yote haikuwa na mwanamke mrembo kunishinda. Haya, Limuru ni kubwa. Tuseme njia ya kwetu, ambapo tulikuwa wawili, na huyo mwingine alikuwa nyanya yangu.

Urembo wote huo, na bwanangu Wanyoike akaniacha. Tuligombana, nikarudi kwa mama. Wanyoike akanunua hisa ya shamba Yamumbi, akahamia huko Eldoret. Siku moja akaja kumchukua binti yetu Wacera, wa miaka sita.

"Nampeleka aone shamba, Waithira. Wiki moja tu."

Nikawafungia na viazi vya njiani, mjinga mimi. Baada ya miezi minane ikaja barua: "Mtoto amezoea huku. Usijisumbue."

Nikajisumbua. Nilipanda gari la moshi mpaka Eldoret, nikamshtaki.

Kortini alisimama na lile koti nililomshonea vifungo. Moyo wangu, haunaga haya, ukaruka.

"Huyu mama alimtupa mtoto, mheshimiwa," akasema bila kunitazama. "Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama."

"Uliniambia wiki moja, Wanyoike."

"Sikumbuki."

"Mama, ngoja zamu yako," hakimu akasema. "Mzee, ukienda kulima mtoto anabaki na nani?"

"Kuna jirani, mama wa kanisa. Anaitwa Waceke. Ni shahidi wangu."

Shahidi hungoja nje, asisikie ya wenzake. Karani akamwita. Akaingia msichana mzuri, kitambaa safi kichwani, akaapa, akasema kwa upole:

"Wacera anakunywa maziwa asubuhi na jioni. Nimemwanzisha shule. Tukifunga ndoa Desemba atakuwa wangu kabisa."

Jirani huyo. Wanyoike akakohoa.

"Na mamake umewahi kumwona?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Alikufa kabla sijamjua Wanyoike. Mtoto humlilia sana. Mimi humwambia mama yuko mbinguni."

Mimi hucheka hata matangani, ndugu zangu, lakini hapo nilishika benchi kwa mikono miwili. Mtoto wangu alikuwa amenililia na kuninyamazia, na mimi niko Limuru nachuma majani chai.

"Waceke," hakimu akasema polepole, "huyu aliyeshtaki unamjua?"

"Ni dada ya marehemu. Wanyoike aliniambia anafanana sana na Wacera, nisishtuke."

"Mama, simama ujitambulishe."

"Mimi ndiye marehemu, mheshimiwa."

Waceke akageuka. Akaniangalia usoni, akaiona pua ya Wacera, na kile kitambaa akakivuta mpaka mdomoni.

Hakimu akaandika maneno machache: mtoto anarudi na mamake leo hii. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee Wanyoike, ulimzika wapi?"

Waceke ndiye aliyejibu, macho yake bado kwangu.

"Limuru, mheshimiwa. Alisema mvua ilinyesha siku hiyo, na ni yeye aliyetupa udongo wa kwanza."