Aliuza Ng'ombe wa Mjomba Ili Awe Daktari

Ndoo ya kukamulia ilikuwa mkononi mwangu, tupu... nikampiga nayo mume wangu usoni.

Nina miaka ishirini na minne, mama wa mtoto mmoja, Neema. Tunaishi Nangara, hapa Babati. Asubuhi ile nilikwenda bandani kumkamua Malkia, nikakuta kamba imekatwa. Nikarudi ndani. Baba Neema alikuwa anapiga pasi koti jeupe la udaktari huku anapiga mluzi. Nikamuuliza ng'ombe yuko wapi. Hata hakuniangalia.

"Mwenye bucha wa Bonga amemchukua alfajiri. Malkia ameshakuwa ada."

Nilimpiga mara mbili, jino likatoka. Naye akaukamata mkono wangu wa kushoto, akaulaza juu ya lile koti, akaweka pasi ya mkaa juu yake. Hakuiondoa haraka... Nilisikia harufu ya nyama yangu mwenyewe ikiungua! Neema alikuwa mlangoni na kikombe chake, anasubiri maziwa.

Mtaniuliza, tulifikaje huko?

Mume wangu ana digrii ya kemia. Alama zake hazikufika udaktari, akachukua digrii aliyoipata, kwa mkopo, akisema udaktari utakuja baadaye. Alipoanza kufundisha, mkopo ukawa unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Halafu akapata nafasi ya udaktari chuo cha binafsi. Mkopo mwingine akaambiwa hapati, alishakopeshwa mara moja.

Nilimsihi tupime. Miaka yote hiyo bila mshahara, deni la kwanza halijaisha, ada inadaiwa kila mwaka... tutakula nini? Nilimwambia amalize kwanza deni la zamani. Mimi niliishia kidato cha nne, akaniona mjuaji.

"Daktari hana madeni, ana wagonjwa," alisema.

Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipatia kofi la kwanza. Akaacha kufundisha, akaingia chuoni, na kwa miaka mitatu kila nikiuliza ada itatoka wapi, napigwa. Kwa mkanda. Kwa mwiko. Siku moja kwa kufuli la mlango, kovu liko kichwani mpaka leo. Na bado jioni nilimpikia! Ujinga gani ule?

Sasa Malkia hakuwa wetu. Kwetu watu wa Mbulu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Anawagawa kwa ndugu wawatunze. Maziwa unakunywa, mbolea unatumia, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Hata akifa, unampelekea ngozi aone kwamba hukumuuza. Mjomba Tluway alimleta Malkia nilipojifungua, ili mjukuu wake asikose maziwa. Baba Neema ni mtu wa huko huko Mbulu, anayajua yote haya. Alijua!

Mchana ule akabeba begi akaenda chuoni. Mimi nikaenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa aliyejeruhiwa, kisha zahanati. Aliyenifunga kidonda tulisoma naye darasa moja. Baada ya kidato cha nne yeye alikwenda stashahada ya utabibu, wazazi wakauza mahindi yao wenyewe, leo anatibu watu. Akaniambia taratibu, "Mama Neema, nikikuandikia kwamba umeangukia pasi, utarudi hapa umebebwa." Akaandika ukweli.

Mama mkwe alikuja na khanga mpya. Akasema eti nivumilie, nitamfungaje daktari wa ukoo? Ng'ombe si atanunuliwa akishaajiriwa? Nilimrudishia khanga yake.

Mjomba naye alikuja. Aliuangalia mkono wangu muda mrefu, machozi yakamlenga. Lakini alikuwa na swali moja tu.

"Nilimkabidhi kwako, si kwake. Ngozi iko wapi?"

Nilitembea mpaka Bonga, mkono umefungwa kitambaa. Mwenye bucha alianza kunijibu vibaya, nilipofungua kitambaa akaona kidonda, akaitoa ngozi nyuma. Ina baka jeupe begani, alama ya Malkia. Nilijitwisha, nikaenda nayo polisi moja kwa moja.

Wasomaji wenzangu, udaktari ni kazi nzuri, sijawahi kuudharau. Lakini wewe unayetaka kuchukua digrii ya kwanza kwa mkopo ili uje kuwa daktari baadaye, jiulize leo: ya pili italipwa na nani? Kama jibu ni mke, mama au ng'ombe wa mtu... acha! Anza na stashahada. Na wewe dada, usisubiri pasi kama mimi. Kofi la kwanza linatosha, ondoka!

Haya ndiyo niliyoandika na kuyakabidhi kaunta:

Dawati la Jinsia na Watoto,
Kituo cha Polisi,
Babati.

YAH: MALALAMIKO YA KUUNGUZWA NA KUUZWA KWA NG'OMBE

Namlalamikia mume wangu kwa kuniunguza mkono wa kushoto kwa pasi, na kwa kumuuza ng'ombe wa mjomba wangu bila ruhusa yake wala yangu. Nakiri kwamba siku hiyo mimi ndiye niliyempiga kwanza, kwa ndoo, na jino lake lilitoka. Kwa hilo niko tayari kujibu. Kwa miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ananipiga yeye, na sikuwahi kuja.

Naomba aitwe kutoka chuoni.

Naambatanisha PF3 na ngozi moja ya ng'ombe. Ngozi naomba nirudishiwe kesi ikiisha. Inadaiwa na mwenyewe.

Mama Neema