Bi Delyth Hana la Kulalamika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cerys alimvisha mama yake soksi, akamfunga vifungo, kisha akabeba ndoo ya haja na kwenda kuimwaga katika choo cha ghorofani. Baridi yabisi ilikuwa imempinda mama huyo, Bi Delyth, viungo. Ngazi za nyumba yao mjini Merthyr zilimshinda kabisa.

Alhamisi hiyo muuguzi angekuja kumpima. Kipimo hicho kingeamua kama ataendelea kupata posho ya ulemavu, ambayo ndiyo iliyomlipa mwanamke wa kumwogesha. Hata hivyo, mama aliamuru ndoo ifichwe bandani. Akapaka rangi ya mdomo. Akapuliza manukato sebuleni mpaka Cerys akafungua dirisha.

Muuguzi, Bi Pritchard, aliketi, akafungua kompyuta yake, akauliza habari.

"Nzuri tu, mpenzi. Sina la kulalamika," akajibu mama akitabasamu.

Muuguzi akachapa. Aliuliza kuhusu soksi. Mama akasema huvaa mwenyewe, taratibu. Aliuliza kuhusu choo. Mama akasema hupanda ngazi bila shida. Maswali yale ya choo, yaliyoulizwa bila muuguzi hata kupepesa macho, yalimchukiza Cerys. Tabasamu la mama lilimchukiza zaidi.

"Mama, acha uongo," akasema. "Soksi nimekuvisha mimi. Na hizo ngazi labda unazipanda ndotoni."

"Nyamaza. Unanivua nguo mbele ya mgeni."

"Huyu si mgeni. Amekuja kukupima, nawe unampikia hadithi."

Bi Pritchard aliacha kuchapa. "Bi Delyth, mimi ni muuguzi, lakini hapa sitibu wala siamui. Naangalia, nauliza, kisha nawapelekea wanaoamua. Ukiniambia huna ugonjwa, nitawapelekea mtu asiye na ugonjwa."

Mama aliinamisha uso. Kisha akaomba waanze upya. Muuguzi akafuta aliyoyaandika, akauliza tena habari.

"Mbaya," akasema mama, na machozi yakamtoka.

Safari hii alieleza yote: maumivu, ndoo, mikono isiyoshika kijiko. Cerys alisikiliza akiwa bado amekunja uso.

Posho iliendelea. Siku habari hiyo ilipofika, mama alimketisha binti yake karibu naye.

"Nilidhani kuficha ni heshima," akasema. "Kumbe nilikuwa nakutwisha wewe uongo wangu. Anayekuuliza unaumwa wapi, mwonyeshe panapouma. Aibu haiogeshi mtu, mwanangu."