Pazia la Magugu Maji

Kila jioni akitoka shuleni, Emmaculate aliteremka ufuoni Sindo kugeuza mabua ya magugu maji yaliyoanikwa juu ya mawe. Mwaka huo wa 1997 magugu yalikuwa yamefunika ziwa hata mashua zikashindwa kutoka. Wengi waliyalaani. Anti Milka, msanii aliyetoka Homa Bay, aliyachora, akayakausha, kisha akawafundisha akina mama kuyasuka. Sasa walisuka mapazia ya zahanati, maana wanawake walikuwa wakijifungua huku wagonjwa wengine wakiwatazama.

"Yageuze mpaka ukiyavunja yalie ta!" Anti Milka alimwonya. "Likibaki bichi moja, litaozesha mengine."

Emmaculate alisikia, lakini mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, ulikuwa mtamu. Siku kadhaa hakugusa bua. Wasukaji walipoyahitaji, alificha mabichi katikati ya makavu, akafunga mzigo na kumpelekea Mama Sumeya. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka la nguo, naye alijiunga na kikundi cha wasukaji juzijuzi tu.

Haukupita muda, pazia la Mama Sumeya likaota ukungu na kunuka vibaya. Phelesia, mamake Emmaculate, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mja mzito, karibu kujifungua, na hasira zilimpanda upesi.

"Mgeni wa ziwa atajua nini kuhusu magugu?" alifoka. "Arudi dukani kwake!"

Mama Sumeya aliliweka pazia chini. Alijitanda leso yake, machozi yakimlengalenga, akaanza kuondoka.

Emmaculate aliogopa mno. Akisema, mamake angeaibika mbele ya kikundi chake. Akinyamaza, mtu asiye na kosa angefukuzwa. Mama Sumeya alipofika langoni mwa ua walimosukia ndipo mtoto alipopaza sauti.

"Mama, si yeye! Ni mimi! Sikugeuza mabua, nikaficha mabichi ndani!"

Phelesia alimkazia macho bintiye kwa uchungu, kisha akamfuata Mama Sumeya langoni.

"Nisamehe, dada. Nimekuhukumu bure."

Pazia lilifumuliwa lote. Wenzake walipocheza, Emmaculate aligeuza mabua, mgongo ukimuuma, na kila moja alilivunja ncha asikie likilia. Mama Sumeya alilisuka pazia upya, mara nyingine akikesha, kwa sababu siku za Phelesia zilikuwa zimekaribia.

Lilitundikwa zahanati asubuhi. Jioni Phelesia alijifungua nyuma ya pazia hilo, na hakuna jicho la mgeni lililomwona. Emmaculate alisimama nje akilia, maana alijua jinsi mamake alivyokaribia kuikosa stara hiyo kwa uvivu wa bintiye.

Mama Sumeya alimfuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kosa ni kama bua bichi, mwanangu. Ukilianika juani, hukauka. Ukilificha, huozesha hata kazi ya wenzako."