Saa Inayohitaji Kidole

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Umatengo pale Joakim alipoingia stoo kuchota mahindi ya kupeleka mashine. Debe mkono mmoja, tochi ya simu mkono wa pili. Alipomaliza kuchota, akaiuma simu kwa meno, akazamisha mkono katika gunia la nyuma kabisa, lile asilolichota kamwe, apapase tu aone kama kitu chake bado kipo.

Kilikuwepo.

Kilikuwa cha moto.

Debe likamponyoka, mahindi yakatawanyika sakafuni. Chini ya mahindi ya gunia lile alikuwa ameificha kompyuta ya marehemu mkewe, Tadea. Tangu amwekee udongo hakuna aliyeiwasha. Joakim alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Mbinga mjini, na aliwafundisha watoto wa watu kila mwaka kwamba kitu hakijipashi moto chenyewe. Akajiambia ni betri. Akaitoa, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akaenda nayo mezani.

Aliificha siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mama mkwe wake, Dafrosa, alikuwa amepanda kutoka Lipingo, kule ziwani, pamoja na wanawake wa ukoo wake. Walitandika mkeka uani. Kwa ukoo ule, kila kitu ambacho marehemu alikishika siku zote huwekwa mkekani, kisha mfiwa hukiinua kwa mikono yake mwenyewe na kumpa mtu. Joakim alitoa vitenge. Akatoa jembe, masufuria, mwiko, hata kiberiti cha jikoni.

"Ndiyo vyote hivi, mkwe?" Dafrosa aliuliza.

"Vyote, mama."

"Maana mkono una mazoea. Kitu usipokipatia mwenyewe mpya, mkono wake utakirudia. Na ukitoa, toa kwa roho safi. Kitu kilichotolewa kwa kinyongo, mkono unakifuata huko huko kinakokwenda."

"Nimekusikia, mama."

"Kusikia umesikia. Nyie wasomi masikio mnayo." Wanawake wakacheka chinichini.

Hakuificha kwa sababu ya bei yake. Aliificha kwa sababu ya Wilfred: hakutaka imwangukie yeye.

Tadea alikuwa karani wa mizani kwenye mtambo wa kumenya kahawa wa chama cha msingi cha wakulima, na Wilfred alikuwa msaidizi wake. Wakulima huteremka na kahawa mbivu kutoka milimani, na kahawa iliyochumwa leo ikilala bila kumenywa huharibika. Kwa hiyo kila aliye kwenye foleni hutaka kujua saa. Tadea akaweka saa juu ya jedwali lake la Eksel, likaonekana kwenye televisheni kubwa iliyowaelekea watu.

Lakini saa ya Eksel ina ila moja. Unaandika fomula, inakuletea saa ya wakati huo, kisha inaganda. Haisogei mpaka uandike kitu kingine, au ubonyeze kitufe cha F9. Wilfred alitaka kuingiza programu ndogo ndani ya faili ili saa ijiendeshe. Tadea alikataa.

"Saa inayojiendesha hainihitaji mimi," alimwambia Joakim wakiwa juu ya pikipiki, akicheka.

Basi akawa anaandika stakabadhi kwa mkono wa kulia, na kidole cha shahada cha kushoto kinabonyeza. Ti. Ti. Ti. Wakulima walidhani saa inatembea yenyewe. Kidole kikazoea. Akiwa mezani anakula, kinagonga meza. Hospitalini, maneno yalipokuwa yameshamwishia, kilikuwa bado kinagonga shuka, taratibu, na Joakim alikitazama mpaka kilipoacha.

Ila kabla ya hayo yote palikuwa na jioni zile. Joakim alikuwa akienda kumchukua, anakuta vichwa viwili vimeinamia kioo kimoja, wanacheka. Wakimwona, wananyamaza. Hakuuliza hata siku moja. Jambo lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hata baada ya kumzika halikushuka.

Sasa alifungua kompyuta. Kioo kikawaka bila kuguswa. Jedwali lilikuwa wazi.

Saa ilikuwa inatembea.

Aliichunguza kama mtu aliyesoma anavyochunguza. Ndani ya faili hamkuwa na programu yoyote, ila fomula ile ile ya Tadea. Akainamisha macho kwenye vitufe.

F9 ilikuwa inashuka na kupanda.

Ti. Ti. Ti.

Kisha harufu ikaja... harufu chachu ya maganda ya kahawa, ile aliyokuwa akirudi nayo Tadea mikononi. Msimu ulikuwa umekwisha zamani. Mjini kote hapakuwa na ganda moja bichi.

"Tadea?"

Saa ikaganda.

Ti.

Alilia, kilio ambacho hakukilia makaburini. Na katikati ya kilio likamjia wazo la kwanza, wala halikuwa zuri: amekuja kwangu mimi. Hakwenda kwa Wilfred.

Tangu hapo, kila giza lilipoanza kuingia, Joakim alifunga mlango na kukaa mbele ya kioo. Kwaya akaiacha. Walimu wenzake walipomwalika, alisema ana kazi. Walipomuuliza kazi gani, akawatazama kama wanamwibia. Alimsimulia Tadea habari za siku, na kitufe kikaitikia. Maisha yao yote hakuwahi kuwa naye peke yake namna ile, bila mizani, bila foleni, bila mtu wa tatu.

Mpaka jioni moja alipogeuka kuchukua kikombe cha chai, akamkuta mtu amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa Wilfred. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Nani amekukaribisha?"

"Nimepiga hodi, Mwalimu. Jana nimepiga. Na juzi. Nasimama hapo dirishani, nagonga, husikii."

"Umekuja kumsikiliza."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Wilfred. Anabonyeza hapo. Unamsikia."

Wilfred hakutazama kioo. Alitazama meza, na uso ukambadilika.

"Mwalimu..." alinong'ona. "Angalia mkono wako."

Joakim akaangalia.

Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikuwa juu ya F9. Kilikuwa kinashuka na kupanda. Hakukiweka yeye pale. Na ukucha wake, yeye ambaye mwaka huo hakuchuma hata punje moja, ulikuwa na doa la hudhurungi la utomvu wa kahawa.

Akakivuta. Kilikuja kwa uzito, kama kinachotolewa mkononi mwa mtu.

Saa ikaganda.



"Nipe hiyo kompyuta, Mwalimu," Wilfred alisema taratibu. "Mama wa Lipingo amenipigia. Anasema kuna kitu umekibakiza, na umpe mtu."

"Amekupigia wewe? Namba yako kaitoa wapi?"

"Tadea alimpa. Zamani."

Mwiba ukageuka kooni. Joakim alisimama, mikono miwili ameikumbatia kifuani. Alijua kinachotakiwa. Akimpa kwa roho safi, Tadea atapumzika, naye atabaki peke yake kweli kweli. Lakini kabla ya kutoa ilimlazimu aulize.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Lini?"

"Jioni zile. Pale mizani."

Wilfred akaangalia sakafu, akaangalia dirisha.

"Nimesahau, Mwalimu."

Lilikuwa jibu lisiloweza kuaminiwa wala kukanushwa. Joakim akafunga kompyuta, akaiinua kwa mikono miwili kama alivyoinua masufuria siku ile.

"Chukua," alisema. "Kwa roho safi."

Kinywa kilisema. Roho haikusema kitu.

Alisimama mlangoni kumtazama Wilfred akishika njia, kompyuta ameikumbatia ubavuni kwa mkono wa kushoto. Lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka likapita, taa zake zikammulika mgongoni, zikaumulika na mkono ule. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga mfuniko wa kompyuta.

Ti. Ti. Ti.

Mwenyewe hakuwa na habari. Alitembea kichwa ameinamisha upande, kama anayeambiwa neno. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliye na mwenzake.

Joakim alifungua kinywa amwite. Neno moja lingetosha: Itupe! Lakini kilichompanda kifuani hakikuwa hofu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekuwa mwepesi na wa baridi, na aliyeuacha alikuwa anashuka na mwanamume mwingine.

Akafumba kinywa.

Kesho yake, jioni, akachukua debe la mahindi ya kupeleka mashine. Mashine iko upande wa kanisani. Miguu ikashika njia ya upande wa pili, mpaka nyumbani kwa Wilfred.

Dirisha lilikuwa na mwanga wa bluu. Harufu ya maganda ya kahawa ilimpokea uani. Ndani, Wilfred alikuwa amekaa mbele ya kioo, chakula chake kimepoa pembeni, mkono wa kushoto ukifanya kazi. Alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Joakim aligonga kioo cha dirisha. Wilfred hakusikia.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Ti. Ti. Ti.

Hakugonga mara nyingine. Alitua debe chini polepole lisilie, akalisogeza miguuni, akaweka sikio dirishani. Wilfred alihitaji kuokolewa, hilo alilijua vizuri. Angemwokoa. Lakini alitaka kwanza asikie wanacheka nini.