Uzi wa Kokila

Siku Habsa alijuana na Robow, mbuzi ndiye alisababisha. Ilikuwa pale kwenye kizuizi cha polisi, mahali mji wa Isiolo unaishia na barabara ya kaskazini inaanza. Malori yamejipanga yakingoja konvoi ya askari, wanawake wa maziwa wanapiga kelele, jua linachoma utosi. Mara mlango wa nyuma wa lori moja lililotoka Marsabit ukafunguka, beberu akaruka akatua kwenye mitungi ya Habsa. Maziwa ya ngamia ya siku nzima yakamezwa na vumbi.

"Wewe dereva! Macho yako umeyaacha Marsabit?"

Dereva akashuka. Kijana mrefu, mwembamba, kikoi cha bluu, shati la kaki bila vifungo viwili, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Abaayo, dada yangu, samahani. Hiyo mbuzi imekuona ikashindwa kukaa."

Habsa alikuwa na tusi tayari mdomoni. Kikatoka kicheko. Tangu siku hiyo Robow akawa kila safari ananunua maziwa mengi kuliko tumbo lake.

Mapenzi yao yalikuwa ya dakika chache chache, kati ya lori kufika na lori kuondoka. Mwaka wa sabini na nne Robow akasema anataka kutuma watu wa kuposa kwao Habsa, mtaa wa Kiwanjani. Asho, mama yake Habsa, hakumkataa kijana. Alikataa upweke wake.

"Atakuja na nani?" Asho akauliza. "Mama amekufa. Dada hana. Ako na yule mjomba wake Abdillahi mwenye lori, basi. Msichana wangu hachukuliwi na wanaume watupu kama gunia ya mahindi. Atafute wanawake wa kwao wabebe sukari na majani chai, waje waongee kama watu."

Wanawake wa kwao Robow angewatoa wapi?

Ndipo ikafika Agosti. Siku moja Robow alikuja kibandani kwa Habsa anayumba. Ametoka Nairobi na mzigo wa duka la Mzee Vithal, Mhindi wa hapo mjini, na tangu juzi hajafunga jicho. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha mkono apokee chai. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na uzi mwekundu wenye nyuzi za dhahabu, katikati ua linametameta.

"Hii ni nini?"

"Uzi."

"Naona ni uzi, mimi si kipofu. Nani amekufunga?"

"Kokila."

"Kokila msichana ya Mzee Vithal?"

"Mm. Leo ni sikukuu yao. Nilikuwa nashusha mzigo, akaniita ndani, akasema..."

Habsa akangoja amalizie. Mtu alikuwa amelala, mdomo wazi, chai inamwagika polepole kwenye kikoi.

Rafiki yake Halimo, wa kibanda cha pili, akasogea. "Mimi nilienda huko duka kununua sabuni. Nimeona kwa macho yangu. Kokila amevaa sari ya kijani, bangili mpaka hapa. Taa inawaka mchana! Anamlisha kitu tamu kwa mkono wake. Kwa mkono wake, Habsa! Halafu anamfunga hiyo kitu."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Habsa akachukua kisu cha kukatia miraa, akamtikisa Robow kwa nguvu.

"Kata huo uzi."

Robow akafungua jicho moja. "Haikatwi."

"Kwa nini?"

"Nimeahidi. Mpaka iishe yenyewe."

"Umemuahidi yeye. Na mimi uliniahidi nini?"

Honi zikaanza kulia. Konvoi inatoka. Robow akasimama kama mzee wa miaka themanini. "Habsa, moyo wangu, nikirudi nitakueleza. Saa hii kichwa ni kama pipa tupu."

"Ukirudi, teremkia kwa Kokila."

Lori likaondoka. Habsa akabaki anakodolea vumbi.

Siku zilizofuata aliamka gizani kama kawaida, akapokea maziwa, akabeba, akauza, akaosha mitungi, akafukuza nzi. Alijaribu kumchukia Robow lakini alikuwa anasahau katikati. Kuchukia mtu ni kazi, na yeye kazi alikuwa nayo ya kutosha. Mgongo uliuma. Hata kulia alikuwa anaahirisha.

Asubuhi moja akaona sari ya kijani inakuja kwenye vumbi la kizuizini. Kokila, jasho kwenye nywele, kandambili mguuni, anahema.

"Wewe ndio Habsa? Njoo haraka. Robow amepiga simu kutoka Marsabit. Atapiga tena sasa hivi."

"Nani amekwambia nataka kuongea na yeye?"

"Yeye mwenyewe amesema utakataa. Amesema nikubebe."

Halimo akacheka mpaka akashika ubavu. Habsa akafunga leso kiunoni akaenda, si kwa mapenzi. Alienda kugombana.

Dukani kulinuka jira na mafuta taa. Simu nyeusi ilikuwa juu ya kaunta. Ilipolia, Kokila akamsukumia.

"Habsa? Unanisikia, moyo wangu?"

"Nakusikia. Moyo wako niko hapa mbele ya mwenye uzi."

"Kokila ni dada yangu!"

"Wanaume wote wanasema hivyo."

"Wallahi, Habsa! Muulize, atakuam..."

Laini ikakatika. Wasichana wawili wakabaki wanatazamana juu ya simu.

"Haya," Habsa akasema. "Nakuuliza."

Kokila akaegemea kaunta. "Ni siku ya dada na kaka. Kule India ni mwezi wa mvua, na mwezi ukijaa, dada anamfunga kaka uzi, anamuombea maisha. Kaka anaapa atamlinda. Kaka yangu alipanda ndege kwenda Uingereza, hajarudi, hata kuandika hakuna. Mwaka jana nilishinda na uzi mkononi. Mwaka huu nikaona Robow anashusha magunia, uso kama maiti. Nikasema huyu kila siku ako barabara ya shifta, wale majambazi wa bunduki, nani anamuombea? Nikamuuliza, uko na dada? Akasema hapana."

"Na kitu tamu?"

"Barfi. Maziwa na sukari. Lazima dada amlishe kaka."

"Na taa mchana?"

"Unaizungusha mbele ya uso, mabaya yakimbie. Nilitaka kumpaka alama nyekundu hapa kwa paji, akakataa, akasema yeye Muislamu. Mama yangu akasema sawa, uzi inatosha."

Habsa akakunja uso. "Kwa hivyo ukishamfunga..."

"Ni kaka! Kumtaka ni aibu mpaka kaburini. Sikia, kama Robow angekuwa mtu wangu, huo uzi ningeuficha mbali kabisa."

Habsa akaketi juu ya gunia la sukari. Akacheka, halafu machozi yakatoka, yale aliyokuwa ameahirisha. Kokila akampa ncha ya sari ajifute.

"Sasa wewe ni wifi yangu," Kokila akasema. "Na mimi wifi mkali."

Habsa akapiga piga gunia alilokalia. "Kokila. Unaweza kubeba sukari?"

"Nimezaliwa juu ya sukari."

Simu ikalia tena.

"Habsa? Umeniamini?"

"Nimeamini wifi yangu. Wewe bado nakufikiria. Endesha pole pole. Na huo uzi usitoe."

Wiki mbili baadaye wanawake wakaingia Kiwanjani kwa Asho. Wake wawili wa majirani wa Abdillahi, na mbele yao Kokila, mfuko wa sukari kichwani, sari imejaa vumbi. Asho akamtazama kutoka kandambili mpaka bangili.

"Huyu naye ni nani?"

"Dada ya Robow."

"Dada kutoka wapi?"

"Kutoka mkononi, mama," Kokila akajibu.

Asho akashusha pumzi ndefu, ya mtu amechoka kubishana na dunia. "Haya, keti. Chai yetu iko na chumvi. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akaweza, ingawa uso ulijikunja.

Harusi ilipopita, Kokila naye akaposwa Uingereza, akaondoka. Barabara ya kaskazini haikuondoka. Alasiri moja Robow alirudi, akajitupa kitandani na viatu. Habsa akamvua. Uzi ulikuwa umekuwa rangi ya vumbi, ua limeshaanguka, fundo limelegea, linataka kuteleza. Akaushika, akavuta ncha mbili taratibu.

Robow akafungua jicho moja. "Unanifunga?"

"Siwezi kukufunga, mimi si dada yako," Habsa akasema. "Nakaza tu. Lala."